Rola au Mkanda

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Daftari hili nilitoka nalo ofisini siku niliyostaafu, na miaka minne limekaa juu ya kabati likila vumbi. Leo nimelifungua kwa sababu moja. Nataka kuandika kidogo kila siku, kwa kalamu ileile, nipate kuziangalia herufi zangu zinakwendaje. Mkono wangu wa kulia unatetemeka.

Basi, nimeshaandika. Sijamwambia mtu, hata Bimkubwa, mke wangu wa miaka thelathini na tatu, ambaye nikipiga chafya yeye akiwa jikoni hujua kama ni ya mafua au ya vumbi la mbao.

Mara ya kwanza ilikuwa Ramadhani, wakati wa kufuturu, nikadhani ni njaa. Mara ya pili nilikuwa nafunga vifungo vya kanzu asubuhi ya Idi. Leo nilikuwa bandani nasugua ubao wa mfenesi kwa msasa. Niliacha, nikautazama mkono, ukatulia. Nikaanza tena, nao ukaanza tena.

Mimi nilikuwa mchora ramani ofisi ya ardhi Chake Chake kwa miaka thelathini na moja. Mipaka ya mashamba ya watu nimeipiga kwa wino na haikupinda. Useremala ni wa kujifurahisha tu, lakini nimejitia kwenye ahadi: marfaa thelathini za chuo cha Kurani cha Bi Mardhiya, kila mtoto awe na yake ya kuwekea msahafu, ziwe tayari kabla ya Idi Kubwa. Marfaa hukatwa katika ubao mmoja, vipande viwili vikashikana katikati kama vidole vya mikono miwili. Ubao ukizidi unene upande mmoja, hata kwa unywele, haifunguki. Mbao thelathini siwezi kuzisawazisha kwa mkono huu.

Baba yangu, Mzee Ngwali, alianza hivihivi, mkono wa kulia, akiwa na miaka sitini na mbili. Mwisho wake tulikuwa tunamlisha uji kwa kijiko, macho yanatutazama na mdomo hausemi. Mimi natimiza sitini na mbili mwezi wa nane.

Mvua imeanza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa. Herufi si mbaya.

Alhamisi, 10 Aprili

Alasiri nilikwenda barazani kwa Mmanga, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tumekua pamoja. Alikuwa karani wa bandari Mkoani, na tangu astaafu kazi yake kubwa ni kuteleka dele la kahawa na kuwakusanya wanaume wa mtaa. Humimina mwenyewe, hataki mtu aliguse dele lake.

Nilimwambia habari za marfaa, nikasema nataka mashine ya msasa. Akacheka.

"Yakhe, Mungu kakupenda. Mabruki wa Mkoani kateremsha kontena la vyombo vya useremala, mitumba. Kanambia anazo mbili, moja ya rola, moja ya mkanda. Twende Jumatatu."

Kikombe nilikishika kwa mikono miwili, nikajifanya naota moto. Hakuna aliyeona. Naandika hivi na moyo bado unanidunda kama mtu aliyeponea kuibiwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumekwenda Mkoani kwa pikapu ya shemeji yake Mmanga. Ghala la Mabruki liko juu kidogo ya bandari, na ndani kumejaa vyombo vya kila namna. Mabruki ni mtu wa makamo, mkarimu, anasema haraka haraka.

"Shikamoo, Mzee Nyange. Karibuni. Haya, hii hapa ndo rola."

Ya rola ni ndogo, watu wawili wanaibeba. Ina gogo la chuma lililolala, msasa umezungushwa juu yake kama bendeji, na ubao unapita chini ukivutwa polepole. Unene unaupanga kwa gurudumu la juu. Inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Ubaya wake, anasema Mabruki, mbao zenye utomvu kama mfenesi zinaziba msasa upesi, na ukiwa na pupa inababua ubao, unatoka na mstari mweusi. Basi kila mara unabadilisha msasa.

Ya mkanda ni jitu. Urefu wake unanifika kifuani, uzito wake ni wa ng'ombe wawili. Msasa wake ni pete moja pana inayozunguka juu ya magogo mawili, na huku inazunguka inacheza kushoto na kulia, kwa hiyo haizibi upesi wala haibabui. Ubao unatoka kama kioo. Lakini inataka umeme wa fezi tatu, inataka kompresa ya upepo wa kukaza mkanda, na inataka banda zima.

"Kwa marfaa thelathini?" Mmanga akasema. "Utasagia na mahindi humo?"

Mabruki akataka nijaribu kubadilisha msasa wa rola. Ncha ya kwanza inabanwa nje, rahisi. Ncha ya pili inaingia kwenye tundu ubavuni mwa gogo, na ndani yake mna kibanio cha springi. Unatia vidole viwili, unaibana springi kwa kimoja, unaisukuma ncha ya msasa kwa kingine, unaachia. Mabruki alifanya kwa pumzi moja. Mimi nilitia vidole na vikaanza kucheza mle ndani. Nilizisikia kucha zangu zikigonga chuma.

Nikasema nimesahau miwani.

Mmanga akanisogeza, akatia vidole vyake vinene, akatukana kidogo, akabana. Kisha Mabruki akatuonyesha mkanda unavyobadilishwa. Unaivua pete nzima, unaivisha nyingine, unavuta wenzo mmoja, upepo unakaza. Hata mtoto angeweza. Hata mimi.

Njiani nikamwambia Mmanga napenda ile ya mkanda. Alinitazama kama niliyesema naoa mke wa pili.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeandika jina langu mara kumi pembeni ya gazeti. La saba limepinda.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyumba nzima wanabishana na mimi kuhusu mashine, na nyumba nzima ni Bimkubwa.

"Baba Ruweida, banda hilo ndo lenye mbuzi wangu. Wataka niwalaze sebuleni?"

Nikamwambia ya mkanda inatoa kazi safi. Akasema rola nayo si inatoa. Nikamwambia rola inababua. Akasema ubao ukibabuka unapitishwa tena taratibu, si ndo alivyosema Mabruki? Anayajua yote, Mmanga kamhadithia. Mwisho nikapandisha sauti, kitu nisichokifanya, nikasema mimi ndiye fundi humu ndani. Akaenda kukuna nazi.

Kila hoja niliyompa ni ya kweli. Ya mkanda ni bora, haina ubishi. Lakini sikuichagua kwa ubora wake. Nimeichagua kwa sababu ya tundu lile la rola lenye springi ndani. Namdanganya mke wangu kwa maneno ya kweli.

Jumatano, 23 Aprili

Barazani leo kahawa imenimwagikia kidogo kwenye goti. Nikasema kikombe cha moto. Mmanga aliponyosha dele mara ya pili nikafunika kikombe kwa kiganja.

"Vipi?"

"Tumbo, yakhe. Linanisumbua."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda barazani nikakataa kahawa. Tumbo.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda. Mvua ni kisingizio kizuri. Bimkubwa siku hizi ananitilia chai kwenye kopo kubwa la bati, tena nusu. Nikamuuliza sukari imepanda bei au chai? Akasema kunywa.

Ijumaa, 2 Mei

Hitima ya marehemu mamake Jaribu, mwenzetu wa barazani kwa Mmanga, baada ya sala. Tulikaa watu wanne kwa sinia moja, mimi, Mmanga, Jaribu mwenyewe na shemeji yake. Pilau ilikuwa imechambuka vizuri. Nikapeleka mkono kwenye sinia, na nikauona. Haukuwa kwenye kazi yoyote nzito, ulikuwa unakwenda kuchukua wali tu, na vidole vinacheza. Nikaurudisha nikajifanya nakohoa. Nikasema nimeshiba.

"Umeshiba nini, na hujala?" Jaribu akauliza.

Mmanga ndiye aliyekuwa akipakua nyama na kunisogezea upande wangu, kama desturi yake. Kipande alichoniwekea kikabaki hapo. Alikitazama, kisha akanitazama mimi, kisha akaendelea kula.

Kuna kingine, na hiki ndicho kilichonikosesha raha. Kabla ya hapo, msikitini wakati wa hotuba ya Ijumaa, mkono ulikuwa umelala juu ya paja langu, haufanyi kitu, na ulitetemeka wenyewe. Kidole gumba kilikuwa kinasugua kidole cha shahada kama mtu anayehesabu tasbihi. Baba yangu alikuwa akifanya hivyohivyo, na sisi watoto tulidhani ni uchaji.

Jumanne, 6 Mei

Nimeulizia umeme wa fezi tatu. Nguzo zenye nyaya zote ziko barabarani, karibu. Inawezekana. Nimefurahi kama mgonjwa aliyeambiwa dawa ipo.

Ijumaa, 9 Mei

Bimkubwa kaja kutoka msibani na uso umemshuka.

"Weye umemtenda nini Mmanga?"

"Sijamtenda kitu."

"Watu wasema umeacha kunywa kwake. Wasema hata kwenye sinia, kakuwekea nyama ukaisusa. Wasema Nyange si mjinga, kaona kitu."

Nilikaa chini. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Mwaka wa sabini na moja mgeni kutoka Wingwi alikula kwa Bi Mwatum, mamake Mmanga, akafa njiani kabla ya magharibi. Hakuna aliyejua alikufa na nini, lakini ndimi hazikungoja kujua, zikasema sumu. Nyumba ile watu wakaacha kula, wakaacha kunywa hata maji, kwa miaka. Bi Mwatum alikuwa anatoa salamu barabarani na watu wanaitikia huku wanapita. Mmanga kateleka kahawa miaka yote hii, kila siku ya Mungu, na mimi peke yangu pengine ndiye ninayejua kwa nini humimina mwenyewe na kunywa yeye wa kwanza.

Na sasa Jaribu naye haendi tena barazani. Na wawili wengine.

"Nenda kamwambie," Bimkubwa akasema.

"Nimwambie nini?"

Alinitazama muda, kisha akauchukua ungo wake. Nilikuwa nimeukalia mkono wa kulia.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda hospitali, nimemwambia Bimkubwa nakwenda kutafuta gundi.

Daktari ni kijana, mpole. Akanipa karatasi akaniambia nichore mzunguko, nianzie katikati niende nje, kama gamba la konokono. Nimechora mistari maisha yangu yote. Huu ulitoka umejaa meno kama msumeno. Akaniambia nichore tena. Ukatoka mbaya zaidi. Nikaona haya kuliko ambavyo ningeona kama angenivua nguo.

Akasema yako mambo mawili. Kuna tetemeko la kawaida linalokuja mtu anapotumia mkono, linaudhi lakini haliui. Na kuna maradhi mengine, ambayo mkono hutetemeka ukiwa umepumzika. Akaniuliza wangu ni upi.

Nikasema, nikitumia.

Sikumwambia habari za siku ya hotuba. Sikumwambia habari za baba. Nimesafiri hadi hospitali, nimepanga foleni tangu saa mbili, nimefika mbele ya mtu anayeweza kunisaidia, nikamficha. Akaniandikia barua ya kwenda kumwona bingwa Unguja. Barua iko ndani ya daftari hili.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kubwa. Njia ya chuoni imekatika. Marfaa nilizomaliza ni tatu, na moja haifunguki.

Jumanne, 20 Mei

Amekuja Mmanga.

Ilikuwa saa sita mchana, mvua inanyesha, amesimama uani na mwavuli. Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Ingia, yakhe, utarowa."

"Siingii. Nina suala moja tu, unijibu, n'ende zangu. Weye na miye tumegombana?"

"Hatujagombana."

"Nimekutenda kitu?"

"Hujanitenda."

Maji yalikuwa yanachirizika kwenye mwavuli. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwaka ule watu walipotususa, weye ulikuwa na miaka minane. Ulikuja na kikopo chako cha bati, ukapita mbele ya wanaume wote waliokaa njiani, ukatia kikopo mtungini mwa mamangu ukanywa. Ukasema, nina kiu. Mamangu kakuombea dua mpaka siku anakufa. Alikuwa akimaliza kunitaja miye, akutaja weye. Leo wanisusia kahawa weye? Jaribu simjali. Weye, Nyange?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Ni maneno machache tu: mkono wangu unatetemeka. Mkono wenyewe ulikuwa nyuma, nimeuviringisha ndani ya msuli niliojifunga kiunoni, na ulikuwa unapiga mgongoni kama kitu kinachotaka kutoka. Nikamwona baba na kijiko cha uji. Nikawaona watu wakija kunitazama kitandani, wakisema maskini. Nikaona nikilisema neno hili litakuwa kweli.

"Ni tumbo tu," nikasema.

"Tumbo la wiki nne."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa mara moja, akageuka. Kwenye tope la uani aliteleza, akajishika kwenye mwembe wa Bimkubwa, akaenda zake bila kunitazama.

Nimekuwa mwoga mbele ya watu wengi lakini sijawahi kumfanyia hivi mtu ninayempenda. Najiona mchafu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepita njia ya barazani. Mmanga amekaa peke yake na dele. Vikombe vimepangwa, vyote vikavu. Nikapitia nyuma ya nyumba.

Jumanne, 27 Mei

Leo nilikwenda Mkoani peke yangu kumwambia Mabruki anipelekee ile ya mkanda. Idi Kubwa ni siku kumi na moja zijazo. Nilijiambia nikiwa nayo kila kitu kitakaa sawa. Nitafanya kazi bila kuhitaji vidole, marfaa zitatoka, nitapata akili ya kuzungumza na Mmanga. Ndivyo nilivyojiambia.

Mabruki akasema basi tuiwashe, mzee aone mali yake. Ghalani kwake umeme wa fezi tatu upo. Kompresa ikanguruma, mkanda ukakazika, akabonyeza, na ghala zima likajaa sauti. Si sauti ya rola. Hii unaisikia kwenye meno. Akanionyesha kitufe chekundu cha kuzimia, kikubwa kama kifuniko cha chupa, akaniambia nisimame hapo nitie ubao mimi mwenyewe.

Nikatia. Ubao ukavutwa, ukatoka upande wa pili umelainika hata nikaona haya kuugusa. Nikacheka peke yangu. Nikatia wa pili.

Sijui kompresa ilipungua upepo au ni nini. Nilisikia sauti imebadilika, imekuwa nyembamba, na nikaona mkanda unakwenda upande mmoja, unazidi kwenda, ukingo wake umeanza kusugua chuma na cheche zinatoka. Mabruki alikuwa upande wa pili.

"Zima! Mzee, zima!"

Nikapeleka mkono kwenye kitufe. Nikakikosa. Kilikuwa mbele ya macho yangu, chekundu, na mkono ukagonga kushoto kwake, ukagonga chini yake, ukagonga kushoto tena. Mkanda ukapasuka kwa mlio wa bunduki, na kipande kikapita karibu na sikio langu. Mabruki akaruka akazima yeye.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, sikumbuki kukaa. Yeye akaniangalia uso, akaniangalia kichwa kama kina damu, kisha akauangalia mkono. Nilikuwa nimesahau kuuficha.

"Mzee Nyange," akasema taratibu, na ni mara ya kwanza namsikia akisema taratibu. "Mkono huo una nini?"

"Sijui," nikasema.

"Nyumbani wajua?"

Akaniletea maji, akanishikia gilasi yeye, nami nikanywa mkononi mwake. Kisha akasema jitu hili hatoniuzia, nikasirike nisikasirike.

Jumatano, 28 Mei

Naogopa kuandika leo.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekwenda.

Ilikuwa baada ya alasiri, jua limetoka kidogo. Mmanga alikuwa peke yake barazani. Jaribu na wale wawili walikuwa wamekaa kibarazani mwa duka, ng'ambo ya njia, wanakunywa soda. Waliponiona nakunja kuelekea kwa Mmanga wakaziweka chupa chini.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam." Hakuniambia karibu. Nikakaa.

"Nitilie kahawa."

"Tumbo limepona?"

"Nitilie, Mmanga. Nijaze."

Akamimina. Kwanza chake, akanywa, kama kawaida yake. Kisha changu, mpaka mdomoni. Akakisukuma mbele yangu na vidole viwili.

Nilikuwa nimepanga kusema kwanza, ndipo ninywe. Badala yake nikakishika kikombe kwa mkono wa kulia, huo peke yake, nikakiinua. Kilianza kucheza kabla hakijafika kifuani. Kahawa ikaruka, ikanichoma kidole, ikamwagika kwenye kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa, kikombe kikanigonga meno. Kilichobaki nikakinywa, kijiko kimoja hivi pamoja na mashapo. Nikakiweka chini kikaanguka ubavu.

Upande wa duka wakageuka kutazama.

"Si tumbo," nikasema. "Ni mkono. Tangu Ramadhani. Sikukususa weye, Mmanga. Nilikuwa nauficha huu."

Aliutazama mkono. Nikauweka juu ya goti, usifanye kitu, ili aone yote. Kidole gumba kikaanza kuhesabu tasbihi yake.

"Kama Mzee Ngwali," akasema.

"Sijui. Daktari ataka niende Unguja. Naogopa, yakhe. Naogopa sana." Nikalia, mtu mzima, mchana, mbele ya duka.

Mmanga akaachia pumzi ndefu. Nilidhani atanihurumia, na hilo ndilo nililokuwa nalikimbia miezi miwili. Badala yake alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwehu weye! Mwehu kabisa! Wiki tano nakwenda kaburini kwa mamangu, namuuliza katenda nini, kamtenda nani. Mamangu, Nyange! Kumbe weye waona haya kumwaga kahawa?"

"Nisamehe."

"Nyamaza." Akapangusa macho yake kwa upindo wa msuli, akachukua dele. Akakisimamisha kikombe changu akamimina, akaishia katikati. "Nusu. Kunywa. Ukimaliza nitatia nusu nyingine."

Nikanywa nusu. Iliyomwagika ilikuwa kidogo. Na hapo nikalikumbuka kopo la bati la Bimkubwa, chai nusu, kila asubuhi tangu mwezi uliopita.

Jaribu akavuka njia na chupa yake ya soda. Alisimama kando muda mrefu, hajui aanzie wapi.

"Mmanga, yakhe," akasema mwisho. "Na miye kikombe changu kimo?"

Mmanga alimwacha asimame. Alimwacha mpaka mimi mwenyewe nikaona vibaya. Kisha akamsogezea kikombe.

Nilipofika nyumbani, Bimkubwa aliitazama kanzu, akaivua, akaitia kwenye beseni. "Nilijua tangu asubuhi ya Idi," akasema. "Nani alikufunga vifungo?" Kweli, alinifunga yeye, na mimi sikukumbuka.

Jumanne, 3 Juni

Rola imeshafika, imekaa kwenye pembe ya banda, na mbuzi wamebaki na makao yao. Mabruki kaileta mwenyewe.

Gurudumu la unene ni zito, mkono hata ukitetemeka halisikii. Napunguza robo mzunguko, natia ubao, unatoka, napunguza tena. Mfenesi unaziba msasa kila baada ya mbao nne, kama tulivyoambiwa, na wa kwanza niliufanyia pupa ukababuka mstari mweusi. Kila msasa ukiziba nazima mashine, namwita Mmanga. Anatia vidole vyake kwenye tundu la springi, anatukana, anabana. Leo kafanya hivyo mara sita na kucha moja imemtoka damu. Nilimwambia ya mkanda isingetaka haya. Akasema ya mkanda ingetaka kaburi.

Mmanga ndiye niliyemwambia habari za siku ya hotuba, mkono kutetemeka umelala. Akasema hilo mwambie bingwa kwanza, kabla ya salamu.

Alhamisi, 5 Juni

Haya yaandikwa na Mmanga. Mwenye daftari mkono umechoka kwa kusukuma mbao tangu asubuhi, kanambia niandike atakavyosema.

Asema marfaa zimetimia kumi na tisa, na zote zafunguka. Bi Mardhiya kaambiwa kumi na moja atapata baada ya Idi, na hakukasirika. Asema mvua imekatika. Asema Jumatano ijayo twapanda boti kwenda Unguja kumwona huyo bingwa, yeye na miye, na barua ya daktari Bimkubwa kaishona kwenye mfuko wa koti ili asiisahau makusudi.

Kanambia pia niandike kwamba haogopi tena. Nimemwambia daftari la mtu sitii uongo. Kasema, basi andika kwamba naogopa.

Nimeandika.